Kulipa na kuandika malipo kwenye mradi wa serikali ya Marekani: mwongozo kwa mkandarasi mdogo

Ndugu zetu wengi waliofika Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania walianzia chini kwenye ujenzi: kupaka rangi, kufunga jipsamu, kubeba matofali, kusafisha majengo mapya kabla hayajakabidhiwa. Baadhi yao sasa wamesajili kampuni zao ndogo, na mkandarasi mkuu anawaita kuchukua kipande cha kazi kwenye mradi wa serikali, labda hospitali ya wanajeshi wastaafu, jengo ndani ya kambi ya jeshi, au nyumba za bei nafuu zinazojengwa kwa fedha za shirikisho. Kazi ni nzuri na mlipaji ni serikali. Pamoja na kazi hiyo, hata hivyo, huja wajibu ambao kwenye kazi za watu binafsi haupo: kila fundi alipwe kwa kiwango kilichopangwa na serikali kwa eneo lile, na kila wiki utie saini karatasi inayothibitisha kwamba umelipa hivyo.

Wanaoumia hapa kwa kawaida si wezi. Ni watu waliotaja bei ya kazi kabla ya kusoma jedwali la viwango, kisha wakakuta zabuni waliyoshinda haitoshi kulipa mafundi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo, kabla hujaweka saini popote.

Hatua ya 1: Hakikisha kama mradi unaguswa na sheria

Sheria mama inaitwa Davis-Bacon. Ilitiwa saini mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na imebeba majina ya seneta James Davis wa Pennsylvania na mbunge Robert Bacon wa New York. Bacon alianza kuipigania mwaka 1927, baada ya mkandarasi wa Alabama kushinda zabuni ya kujenga hospitali ya serikali katika jimbo la Bacon na kuja na vibarua wake mwenyewe, aliowalipa chini ya ujira wa pale. Vibarua hao walikuwa watu weusi, na baadhi ya maneno yaliyosemwa bungeni juu yao yalikuwa ya ubaguzi mtupu. Historia hiyo haipaswi kufichwa. Leo lakini sheria hiyohiyo ndiyo inayomlinda kijana wa Bukavu au Kakamega asilipwe nusu ya anachopata mwenzake anayeshika naye brashi kwenye ukuta mmoja.

Inagusa mkataba wowote wa serikali ya shirikisho wa kujenga, kukarabati au kupaka rangi majengo na miundombinu ya umma unaozidi dola 2,000. Sikiliza vizuri hapo: dola 2,000 ni za mkataba mkuu, si za kipande chako. Ukipewa kazi ya dola 900 ndani ya mradi wa milioni tano, unaguswa sawasawa na aliyepewa ya laki mbili.

Zipo pia sheria nyingi zinazopeleka masharti hayohayo kwenye miradi inayojengwa na majimbo, miji au mashirika kwa msaada wa fedha za shirikisho: barabara, maji, makazi. Usitegemee maneno ya mdomo. Mwombe mkandarasi mkuu nakala ya vifungu vya kazi vya mkataba na jedwali la viwango lililoambatanishwa. Akisema "hakuna shida, tutaangalia baadaye", basi shida ipo.

Zaidi ya hapo, majimbo mengi yana sheria zao wenyewe kwa miradi inayolipiwa na jimbo. California, New York, Illinois, Washington na Minnesota ni baadhi yake. California inakutaka ujisajili kwanza katika idara yake ya kazi, na inahesabu saa za ziada kwa siku, si kwa wiki tu. Mradi ukiwa na fedha za pande zote mbili, unafuata zote mbili, na fundi anapata kiwango kilicho juu zaidi. Mwongozo huu unashughulikia sheria ya shirikisho.

Hatua ya 2: Soma jedwali la viwango kabla ya kutaja bei

Majedwali yote yako wazi kwenye tovuti ya SAM.gov, bure. Unatafuta kwa jimbo, kaunti na aina ya ujenzi. Aina ni nne, na utaziona zimeandikwa Building, Residential, Heavy na Highway. Ya kwanza ni majengo ya kawaida. Ya pili ni makazi: nyumba za familia na maghorofa ya kuishi yasiyozidi sakafu nne. Ya tatu ni kazi nzito kama mabwawa na mabomba makubwa, na ya nne ni barabara. Tofauti ya ujira kati ya makazi na majengo ya kawaida inaweza kuwa kubwa sana katika kaunti hiyohiyo, kwa hiyo ukichukua jedwali la jirani umeshapotea. Lililo halali kwako ni lile lililofungwa ndani ya mkataba, lenye namba yake na namba ya marekebisho yake. Jedwali jipya likitoka miezi sita baadaye, kwa kawaida halibadilishi mkataba uliokwisha kutolewa.

Ukilifungua, kila kazi ina safu mbili za fedha. Ya kwanza ni ujira wa msingi kwa saa, ya pili ni marupurupu kwa saa, yaani fungu la mambo kama bima ya afya na pensheni. Juu ya kila kundi kuna kitambulisho. Kikianza na herufi kama PAIN, CARP au ELEC, kiwango kimetokana na mkataba wa chama cha wapaka rangi, maseremala au mafundi umeme. Kikianza na SU, kimetokana na uchunguzi wa mishahara uliofanywa na Wizara ya Kazi.

Sasa piga bei yako. Tuseme jedwali linasema fundi rangi ni dola 24.00 za msingi na 9.50 za marupurupu. Gharama yako kwa saa haiishii kwenye 33.50. Ukiyalipa marupurupu kwa fedha taslimu, yanahesabika kama mshahara, kwa hiyo unadaiwa juu yake asilimia 7.65 ya sehemu ya mwajiri kwa hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee. Hiyo ni kama dola 2.56 kwa saa. Hapo hujagusa bima ya ajali kazini, kodi ya ukosefu wa ajira, usafiri, rangi yenyewe, wala faida yako. Ukizoea kutaja bei kwa kumlipa mtu dola 20 kwa saa, zidisha tofauti hiyo kwa saa zote za mradi, uone mwenyewe kwa nini wengine hufunga kampuni baada ya mradi mmoja.

Hatua ya 3: Mweke kila mtu kwenye kazi anayoifanya kweli

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo wakaguzi huangalia kwanza.

Kazi ya mtu haiamuliwi na cheo ulichompa wala na uzoefu wake. Inaamuliwa na kilicho mkononi mwake. Anayefunga jipsamu analipwa kiwango cha fundi wa jipsamu wa jedwali lile, hata kama ameanza wiki iliyopita. Kumwita "msaidizi" hakupunguzi chochote: kazi ya msaidizi inatambuliwa pale tu jedwali lenyewe lilipoitaja. Wengi hupenda kuwaandika watu wote kama vibarua kwa sababu kiwango cha kibarua kiko chini. Kibarua hubeba, hufagia, huchimba na hupakua. Akishika mashine ya kupulizia rangi, si kibarua tena kwa saa hizo.

Mtu mmoja anaweza kufanya kazi mbili kwa wiki, na unaruhusiwa kumlipa kila saa kwa kiwango chake. Jumatatu hadi Jumatano anapaka rangi, Alhamisi anasafisha na kubeba: mwandike mistari miwili. Sharti ni kwamba daftari la saa lionyeshe mgawanyo huo siku kwa siku. Bila daftari hilo unalipa wiki nzima kwa kiwango cha juu.

Mwanagenzi unaweza kumlipa asilimia ya ujira wa fundi, lakini lazima awe amesajiliwa mtu binafsi katika mpango wa uanagenzi unaotambuliwa na Wizara ya Kazi au wakala wa jimbo, na lazima uheshimu uwiano wa wanagenzi kwa mafundi. Kijana unayemfundisha kazi kwa wema wako tu si mwanagenzi mbele ya sheria hii. Mlipe kamili.

Msimamizi anayeshika zana kwa zaidi ya asilimia 20 ya wiki yake anaingia kwenye viwango kwa saa hizo alizofanya kazi ya mikono. Mwenye kampuni je? Ukiwa unamiliki angalau asilimia 20 na unaiendesha kwelikweli, hudaiwi kujilipa kiwango. Ukiwa fundi wa peke yako usiye na mfanyakazi, zungumza mapema na mkandarasi mkuu, kwa sababu mara nyingi ofisi yenye mradi hutaka uingie kwenye orodha ya malipo ya mkandarasi huyo.

Sasa jambo ambalo jamii yetu inapaswa kulisikia wazi. Kumpa mtu fomu ya kodi ya 1099 na kumwita mkandarasi huru hakumtoi kwenye sheria hii. Sheria inasema wazi kwamba anayefanya kazi ya mikono pale saiti analipwa kiwango, bila kujali uhusiano mnaodai kuwa nao. Vivyo hivyo ndugu wa kanisani au msikitini waliokuja Jumamosi "kusukuma kazi", mpwa aliyeko likizo ya chuo, shemeji aliyepita tu. Tunapenda kusaidiana, na ni jambo jema, lakini aliyegusa kazi kwenye saiti ya serikali aandikwe jina, saa zake na malipo yake. Vinginevyo akae nyumbani.

Ikitokea jedwali halina kazi unayoihitaji, usibuni kiwango. Kuna fomu SF-1444 ya kuomba kazi hiyo iongezwe. Unapendekeza jina la kazi na ujira, mkandarasi mkuu anaipeleka kwa ofisa wa mkataba, naye anaipeleka Wizara ya Kazi. Kiwango unachopendekeza kiwe na uwiano na vilivyomo, maana ombi la kumlipa fundi chini ya kibarua halitapita. Anza mapema, kabla watu hawajaingia saiti, kwa kuwa majibu huchukua wiki kadhaa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya wiki bila kuchanganya mafungu

Turudi kwa fundi rangi wetu wa 24.00 na 9.50. Wiki hii amefanya saa 44, zote saiti. Saa zaidi ya 40 kwa wiki zinalipwa mara moja na nusu, lakini nusu hiyo huongezwa kwenye ujira wa msingi tu. Marupurupu hubaki 9.50 kwa kila saa, za kawaida na za ziada.

Saa 40 kwa 24.00 ni dola 960. Saa 4 kwa 36.00 ni 144. Marupurupu, saa 44 kwa 9.50, ni 418. Jumla 1,522.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau marupurupu kwenye zile saa nne, na fundi anapungukiwa dola 38. La pili ni kuzidisha 33.50 yote kwa moja na nusu, ukajipunja mwenyewe. Jambo lingine: saa za fundi huyo kwenye kazi zako za watu binafsi wiki ileile zinahesabiwa pia kuelekea 40. Usiipasue wiki vipande viwili ili saa za ziada zipotee.

Unaruhusiwa kutimiza 33.50 kwa njia yoyote kati ya tatu: yote kwa fedha, au msingi kwa fedha na marupurupu kwenye mipango halisi kama bima ya afya na pensheni, au mchanganyiko. Malipo ambayo sheria inakulazimisha kulipa hata hivyo, kama hifadhi ya jamii au bima ya ajali kazini, si marupurupu. Wala buti, zana na mafuta ya gari.

Bima ya afya ina mtego wake, na inafaa tuutazame kwa namba. Tuseme unamlipia fundi dola 390 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,680. Unagawanya kwa saa zake zote za mwaka, za serikali na za watu binafsi, ambazo kwa mtu wa muda wote ni 2,080. Unapata 2.25 kwa saa. Hicho ndicho unachoweza kukitoa kwenye 9.50, na zile 7.25 zilizobaki unamlipa mkononi kila saa. Sasa mwenzako anafanya hivi: anasema fundi atakuwa saa 520 tu kwenye mradi wa serikali, anagawanya 4,680 kwa 520, anapata 9.00, anaona amebakiza senti 50. Bima inayomfunika mtu mwaka mzima haiwezi kubebeshwa mradi mmoja. Huyo amempunja fundi wake dola 6.75 kwa saa, yaani 3,510 kwa mradi mzima, kwa mtu mmoja. Akiwa na mafundi sita, deni hilo linamfuata na wiki za karatasi zenye saini yake.

Hatua ya 5: Andika saa kila siku, lipa kila wiki

Sheria inataka mfanyakazi alipwe angalau mara moja kwa wiki. Ukiwa umezoea kulipa kila baada ya wiki mbili, badilisha kwa watu wa mradi huu kabla ya siku ya kwanza.

Daftari la saa si lazima liwe la kisasa. Programu ya simu inafaa, karatasi nayo inafaa, ilimradi iwe na jina, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi aliyofanya na jengo au sehemu aliyokuwa. Ijazwe jioni ileile. Inayojazwa Ijumaa kwa kukumbuka huonekana mara moja: kila mtu nane, nane, nane, nane, nane, hata siku mvua ilipowarudisha nyumbani saa sita mchana. Jambo dogo lenye faida kubwa: saa zetu za Kiswahili na za Kizungu zisichanganywe kwenye daftari. Kijana aliyeandika ameingia "saa moja" akimaanisha saba asubuhi ataleta kizaazaa siku ya ukaguzi. Kubalianeni mtindo mmoja, mwenye asubuhi na jioni, na uandikwe juu ya kila ukurasa.

Bandika pia tangazo la WH-1321 na jedwali lenyewe mahali mafundi wanapopita, si ndani ya kontena la ofisi. Wasiosoma Kiingereza, wasomee kwa Kiswahili. Kila fundi ajue jina la kazi yake kwenye jedwali na kiasi chake kwa saa. Hiyo ni haki yake kwanza, na wewe pia inakukinga.

Hatua ya 6: Jaza orodha ya malipo ya wiki na utie saini ukijua unachoapa

Fomu inayotumika ni WH-347, ipo kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi. Chukua toleo la sasa, usirithi la rafiki. Fomu yenyewe si lazima, ila habari zilizomo ni lazima, na ofisi nyingi sasa hudai zipitie kwenye mifumo ya mtandaoni kama LCPtracker. Uliza kabla ya wiki ya kwanza.

Orodha ya kwanza ni namba 1, na namba zinafuatana bila kuruka. Kwa kila mfanyakazi unaandika jina na namba ya utambulisho, kwa kawaida tarakimu nne za mwisho za hifadhi ya jamii. Namba kamili na anwani ya nyumbani hubaki kwenye faili lako, hazitumwi kila wiki. Kisha kazi yake kama ilivyo kwenye jedwali, saa za kila siku za kawaida na za ziada, kiwango, jumla aliyochuma kwenye mradi huu, makato moja moja, na kilichomfikia mkononi. Kama wiki hiyo alifanya na kazi nyingine nje ya mradi, onyesha vyote viwili, alichochuma hapa na jumla ya wiki, la sivyo makato hayatalingana na mapato na utarudishiwa karatasi.

Sehemu ya pili ni tamko. Unatamka kwamba watu wote wamelipwa kamili, kwamba hakuna aliyefanywa arudishe fedha kwa mlango wa nyuma, kwamba viwango ni sahihi, na jinsi marupurupu yalivyolipwa: kwenye mipango, au mkononi. Wengi huweka alama ya "mipango" kwa kuiga tu fomu ya mtu mwingine, wakati hawana mpango wowote. Hilo ni tamko la uongo, hata kama uliwalipa watu vizuri. Anayetia saini awe ndiye anayelipa au anayesimamia malipo, kwa sababu uongo kwenye karatasi hii ni kosa la jinai la shirikisho ambalo kifungo chake hufika miaka mitano. Mtunza hesabu wa nje anaweza kukuandalia. Kiapo lakini ni chako.

Orodha itumwe ndani ya siku saba baada ya siku ya malipo ya wiki hiyo, kupitia mkandarasi mkuu, ambaye naye anawajibika ukimpunja mtu. Ndiyo maana atakusumbua, na ndiyo maana atashikilia hundi yako mpaka karatasi zifike. Wiki ambayo hamkufanya kazi, wakandarasi wakuu wengi hutaka utume ya "hakuna kazi" ili namba zisikatike. Itume.

Hatua ya 7: Makato, na ile "asante"

Kodi, amri za mahakama, na makato yaliyokubaliwa kwa maandishi na mfanyakazi kwa faida yake yanaruhusiwa. Ipo sheria nyingine, Copeland ya mwaka 1934, inayokataza kumfanya mfanyakazi arudishe sehemu ya ujira wake kwa njia yoyote.

Tuseme wazi, kwa sababu desturi hii imesafiri na sisi. Fundi anapewa hundi kamili Ijumaa, jioni anampelekea bosi dola mia kama asante ya kutafutiwa kazi. Au anakatwa "kodi ya chumba" ambayo hakuna mkataba wake. Au anaambiwa kiwango cha serikali ni cha kwenye karatasi tu, tofauti irudi kwa kampuni. Haya yote ni makosa ya jinai, na kifungo chake pia hufika miaka mitano. Mtu aliyefika juzi na hajui kwa kukimbilia ndiye anayenyonywa hivyo, mara nyingi na mtu wa lugha yake. Kampuni inayotaka kudumu kwenye kazi za serikali isiwe na hata harufu ya jambo hili.

Hatua ya 8: Siku ya mahojiano

Mwakilishi wa ofisi yenye mradi anaweza kufika saiti bila taarifa na kuwahoji mafundi mmoja mmoja, wewe ukiwa mbali. Ana fomu ya SF-1445. Anauliza jina, kazi, ujira kwa saa, saa za wiki, na anaandika kile anachokiona kwa macho yake: mtu huyu alikuwa akifanya nini, na zana gani. Kisha anarudi ofisini na kulinganisha na orodha yako ya wiki hiyo.

Usiwafundishe watu majibu. Waambie waseme kweli, na kwamba wana haki ya kuomba mkalimani kuliko kuitikia "ndiyo" kwa kila swali wasiloelewa. Nimeona matatizo mengi yakizaliwa na ile ndiyo ya heshima. Ni marufuku kumwadhibu mfanyakazi kwa aliyoyasema, kwa kumpunguzia saa au kumwachisha kazi.

Hatua ya 9: Kosa likipatikana, na faili la mwisho

Ukigundua umempunja mtu, usingoje uulizwe. Piga hesabu wiki kwa wiki, mlipe tofauti kwa hundi inayoonekana, tuma orodha iliyorekebishwa yenye namba ya ile ya awali, na ambatanisha uthibitisho wa malipo. Kosa lililorekebishwa na mwenyewe humalizwa kwa karatasi. Lililofichwa linaweza kuleta kushikiliwa kwa fedha za mkataba, faini ya kila siku kwa kila mfanyakazi aliyenyimwa saa za ziada kwenye mikataba inayozidi dola 100,000, na mwisho kampuni pamoja na wakuu wake kufungiwa kazi za serikali miaka mitatu, majina yao yakiwa hadharani pale SAM.gov.

Mwenye swali, awe mwajiri au fundi, anaweza kupiga simu ya bure ya Idara ya Ujira na Saa ya Wizara ya Kazi, 1-866-487-9243, na kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Kazi yako ikiisha, orodha ya mwisho iandikwe kwamba ni ya mwisho. Weka pamoja madaftari ya saa, orodha zote, nakala za hundi, jedwali la viwango, mkataba wako na barua za mipango ya bima, na uzihifadhi miaka mitatu. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku mradi mzima wa mkandarasi mkuu unapokamilika, si siku wewe ulipokunja turubai zako na kuondoka, kwa hiyo mwombe akupe tarehe hiyo kwa maandishi na uiandike juu ya boksi.